Aliyetuchagulia Mipira ya Nyuma

Jina lake sitalitaja. Baraka nzima, mji wetu wa kando ya ziwa, ilimwita Mwalimu, na mtu ambaye hajashika chaki hata siku moja akiitwa Mwalimu na mji mzima, ujue jina alilopewa na mama yake halina kazi tena. Mdogo wangu Wilondja bado anamwita hivyo, kwa sauti ya chini, kama yuko kanisani. Na mimi nilimwita hivyo miaka mingi. Lakini niseme mapema, nisije nikadanganya mtu: nina uchungu naye. Wilondja alikuwa motari, mwendesha pikipiki wa kubeba abiria, na alikuwa mmoja wa wazuri. Siku aliyoanguka na mama yetu kwenye mlima wa njia ya Lubondja ndiyo siku aliyoacha pikipiki, kwa sababu anaamini mkono wake ndio uliomuua mama. Mimi najua haukuwa mkono wake. Ulikuwa mpira wa nyuma, na mpira ule ulichaguliwa na Mwalimu.

Nayajua haya kwa sababu ninauza chakula. Malewa yangu, kibanda cha mabati na viti vya mbao, kinaangalia parkingi ya bamotari, kituo chao cha kungojea abiria, hapa Baraka. Napika bugali, sombe ya majani ya mihogo, ndagala wale wadogo, na samaki wakubwa siku ziwa likiwa na huruma. Mwanamke anayesonga bugali mbele ya wanaume wenye njaa anasikia mambo mengi kuliko padri. Mwalimu alikula kwangu karibu kila siku, mgongo kwenye ukuta, uso barabarani, na hakupenda mtu akae mbele yake akamziba.

Alikuwa mrefu, mkavu, kofia ya kufuma kichwani mvua au jua. Ndiye aliyewafundisha nusu ya bamotari wa mji huu kuendesha, kule kwenye kiwanja cha mpira wa miguu, akitembea kando ya pikipiki na fimbo mkononi. Ukikosea, fimbo inagonga kofia ya chuma kama unayo, na kama huna, pole yako. Alikuwa anasema: "Pikipiki ni kama bibi mugeni. Ukimukamata kwa nguvu, anakukimbia, ukimulegezea, anakuangusha." Vijana walicheka sana. Mke wake, mama mmoja mpole aliyeuza mafuta ya mawese sokoni, hakuwa anacheka.

Mimi mwenyewe nilimwomba anifundishe. Nilitaka kuacha kulipa watu kunibebea mihogo yangu. Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye ndala, akasema mbele ya wote: "Mama Furaha, mwanamuke akishika guidon ya pikipiki, bugali ya bantu itasongwa na nani?" Nikamwambia aka wee, itasongwa na mke wako. Alicheka mpaka akakohoa, akaomba nimwongeze sombe, na hakunifundisha.

Sasa niwaeleze mambo ya mipira, maana bila hayo hamtaelewa kitu. Mpira wa mbele unakaa muda mrefu. Kazi yake ni kuonyesha njia. Wa nyuma ndio mtumwa. Ndio unaosukumwa na moteri, ndio unaokaliwa na abiria, na gunia la unga, na kuku waliofungwa miguu, na bidoni, madumu ya mawese yanayotoka Fizi. Unaisha upesi, na ukiisha vibaya unaua mtu. Kwa hiyo parkingi yetu ilikuwa na desturi yake. Motari hanunui mpira wa nyuma peke yake. Anakwenda kwa wauzaji, anaomba aruhusiwe kuuviringisha mpira mpaka parkingini, mmoja au miwili au hata mitatu toka maduka tofauti, na Mwalimu ndiye anayechagua. Wauzaji waliruhusu, walijua hakuna atakayekimbia na mpira Baraka hii ndogo.

Na kumwona akichagua ilikuwa raha, siwezi kukataa. Aliweka kijiko chini. Alinawa mikono kwanza, kama anayetaka kusali. Aliukunja ubavu wa mpira kuona kama haukukaushwa na jua la dukani. Aliingiza pua ndani akanusa, akisema mpira mzee unanuka vumbi na mpira mpya unanuka dawa. Alipitisha kidole gumba katikati ya meno ya mpira, vile vinundu vinavyoshika ardhi, polepole, akitazama barabarani wala si mpira. Ndipo anauliza: "Unaenda wapi na wapi?" Hakuuliza una pesa kiasi gani, aliuliza njia. Ukimwambia unafanya kazi ya pembeni ya ziwa, kuelekea Lusenda, anakupa mpira mpana. Ukimwambia unapanda, Fizi au Lubondja, anakupa wenye meno marefu yaliyoachana. "Muchanga unataka tumbo," alikuwa anasema, "mulima unataka meno." Hata mtoto wangu aliimba maneno hayo akicheza. Mwisho anaugonga ule aliouchagua kwa vifundo vya vidole, ko, ko, anasema: "Huu ni wako." Basi. Mingine inarudishwa dukani.

Mpira ambao haukugongwa ulikuwa na laana yake. Kijana mmoja aliyetoka Fizi, mjuaji kweli, alijinunulia mwenyewe akaufunga akaja nao parkingini anatamba. Hakuna aliyemwambia kitu. Siku aliyokwama njiani na mbuzi wawili wa mtu, wenzake walimpita mmoja mmoja, wanapiga honi, wanampungia mkono. Alirudi akisukuma, matope mpaka kwenye nyusi, mbuzi mmoja begani. Kesho yake alipeleka mpira wake mpya kwa Mwalimu ugongwe, na Mwalimu akaukataa, kijana akalazimika kununua mwingine. Tulicheka wiki nzima. Leo nikikumbuka sioni kilichotuchekesha.

Wanasema heshima si utumwa. Aliyesema hivyo hakukaa kwenye parkingi yetu.

Na yeye mwenyewe? Pikipiki yake ilikuwa na mpira wa nyuma laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Ndani yake alikuwa ameweka kipande cha mpira mzee, kilichokatwa kwa kisu, kuzuia miba na mawe. Wenzake wakifanya hivyo aliwafokea: "Muzima halali kitanda kimoja na maiti!" Lakini yeye alilala na maiti yake miaka. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Akanijibu bila haya: "Miye najua kuendesha." Alikuwa hivyo. Sheria zake alizitunga kwa ajili ya watu wengine, na hakuona tatizo lolote.

Lakini uchungu usinifanye mwongo. Warundi walipokuja wengi wakikimbia machafuko kwao, na kambi ya wakimbizi ikafunguliwa Lusenda, bamotari wengine walipandisha bei mara moja; vita ya mwenzio ni sherehe kwako. Mwalimu alisimama katikati ya parkingi akawatukana mpaka mate yakamkauka. Kisha akaanza kuwabeba wazee bila kulipwa, bibi mmoja baada ya mwingine, amewafunga kwa kitenge kwenye mgongo wake ili wasianguke. Nilimwona kwa macho yangu amembeba mama mzee kipofu namna hiyo, anaendesha polepole kama aliyebeba mayai, na anamsimulia njia: hapa kuna shimo mama, hapa kuna mto. Paa la malewa yangu lilipong'olewa na upepo, mabati yalikuja asubuhi juu ya pikipiki yake na hakutaka asante. Ndiyo maana inaniuma. Angekuwa mtu mbaya tu, ningekuwa nimeshamsahau.

Ubaya wake ulikuwa mdogo, tena mahali pamoja tu: hakuvumilia kuwekwa nyuma ya mtu. Ndiyo ilikuwa njaa yake kubwa, kuliko njaa ya bugali.

Sokoni kuna mfanyabiashara mmoja ambaye wote tunamwita Hadji. Bidhaa zake zinavuka ziwa toka Kigoma, na mipira yake ilikuwa mizuri kuliko yote. Zamani yeye na Mwalimu walikuwa kitu kimoja. Mwalimu ndiye aliyemfundisha mtoto wa Hadji kuendesha, kwenye kiwanja kile kile. Hadji akaozesha binti. Mimi nilikuwa mmoja wa wapishi, kwa hiyo sisimuliwi. Pilau ilipotoka, wageni wa Uvira walipakuliwa kwanza, halafu ndugu, halafu mashofa, madereva wa malori waliomletea Hadji mizigo. Mwalimu alikaa mkekani na kofia mpya, anangoja. Wale waliokuwa wanagawa walikuwa vijana, hawakujua, na sahani yake ilifika baada ya mashofa. Baada ya mashofa! Hakuigusa. Aliinuka taratibu, akafuta goti lake, akatoka, na mchele unatoa moshi pale mkekani. Hadji alimfuata mpaka nje akiomba radhi. Hakusikilizwa.

Tangu siku ile Mwalimu hakugonga tena mpira wa Hadji. Hakutangaza. Ukiuliza atasema: "Huu umekauka," au "Huu meno yake ni ya uongo." Na Ijumaa walisali msikiti mmoja, siku nyingine bega kwa bega, wakamaliza salamu ya kulia na kushoto, kila mtu akachukua ndala zake akaenda. Bamotari walijua. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba parkingi nzima inatembea na mipira ya pili kwa uzuri kwa sababu ya sahani ya pilau.

Ulikuja msimu wa mvua nyingi. Habari zikashuka toka Lubondja, kwetu, kwamba mama tumbo limefunga: hali chakula, haendi haja, analia. Muuguzi wa kule akasema ashushwe Baraka hospitalini haraka. Wilondja alikuwa tayari, lakini mpira wake wa nyuma ulikuwa umekwisha kabisa, na njia ile ikilowa ina mlima mmoja wa udongo mwekundu ambao hata mbuzi wanaupanda kwa dua. Akakimbia sokoni. Akarudi anaviringisha mipira miwili, mmoja kila mkono, akaisimamisha mbele ya malewa yangu, na jasho linamtoka.

Mmoja ulikuwa wa Hadji. Mimi si motari, lakini hata mimi niliona: meno marefu, yameachana, ubavu mgumu. Wa pili ulitoka duka la karibu na bandari, mpana, unang'aa, mistari yake myembamba kama ya mpira wa gari la mjini. Mwalimu aliweka kijiko chini. Akanawa. Akashika wa Hadji kwanza, akaukunja, akaunusa, kidole gumba kikaanza kutembea.

"Huu umetoka wapi?"

"Kwa Hadji, Mwalimu."

Kidole kikasimama. Akauacha, akajipangusa kwenye suruali. Akavuta ule mpana. Hakuunusa, hakuukunja. Akaugonga, ko, ko. "Huu ni wako."

Wilondja akasema: "Mwalimu, niko naenda Lubondja. Naenda kukamata mama. Mvua ilinyesha tangu jana."

"Na miye sijue Lubondja iko wapi?"

Bamotari wote waliangalia vidole vya miguu yao. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria, nikasema: "Lakini Mwalimu, si weye unasemaka mulima unataka meno?"

Akanigeukia na tabasamu. "Mama Furaha, angalia bugali yako, isiungue."

Wakacheka, kwa sababu ilibidi kucheka. Nikamwambia Wilondja mbele yao, chukua wa Hadji, shida yote itakuwa yangu. Akanijibu kwa sauti ndogo, kama mdogo kwa dada yake mkubwa: "Yaya, nikikwama na mama kule juu, nani atasimama?" Na hapo hakukosea. Kwa mpira usiogongwa, hata mama yako akiwa anakufa, ungepungiwa mkono. Akafunga ule mpana, akapanda.

Kwenda alifika, kwa sababu alikuwa peke yake na pale pabaya alishuka akasukuma. Kurudi alikuwa na mama mgongoni, amefungwa kwa kitenge, na ule udongo mwekundu ilibidi waupande toka upande wa pili. Watu wa mashambani waliniambia walichokiona. Pikipiki ilifika katikati ya mlima, gurudumu la nyuma likaanza kuzunguka bure mahali pamoja, limejaa matope kati ya mistari yake, halishiki kitu. Ikarudi nyuma. Ikalala. Wote wawili wakaingia kwenye mtaro, mama chini, na nyonga yake ikavunjika. Walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti na blanketi, wanaume wanapokezana, na mvua juu yao. Alifika hospitalini jioni badala ya asubuhi. Madaktari walijitahidi, siwalaumu. Hakuiona siku iliyofuata.

Kwenye matanga Mwalimu alikuja, amevaa kanzu safi. Wakampa kiti mbele, hapo hakuna aliyekosea. Alitupa pole vizuri, akatoa mchango wake, akakaa na wanaume. Nikawa napita na chai. Mzee mmoja wa kwetu akauliza, kwani ilikuwaje hasa? Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma, akasema: "Alikamata frein ya nyuma juu ya udongo, akafunga gurudumu. Niliwafundishaka wasifanye hivyo. Vijana hawasikiye."

Wilondja alikuwa amekaa hatua chache tu toka pale, na majivu kichwani. Alisikia. Nilimwona anavyosikia. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Sikuwahi kumwona tena akiitazama vingine.

Aliuza pikipiki. Akahamia upande wa Lusenda kwa wakwe zake, akawa analima mihogo kwenye mashamba ya watu. Hakutaka hata kupanda kama abiria. Akija Baraka alikuja kwa miguu, vumbi mpaka kiunoni, pikipiki zinampita na marafiki zake wanamwita. Nilimwambia mara ngapi: ni mpira, mdogo wangu, ni mpira. Anajibu: "Yaya, Mwalimu mwenyewe alisema." Maneno yangu ya dada yalikuwa upepo. Yule mmoja tu ndiye angeweza kumfungua, kwa neno moja.

Na mimi niliendelea kumpakulia Mwalimu chakula. Mnaniuliza kwa nini? Kwa sababu nilikuwa na watoto, na malewa yako mbele ya parkingi yake. Nilimpakulia kwanza, kabla ya wote, na kila siku nilitamani kumwaga sahani ile kwenye kanzu yake.

Mwaka huu mke wa Wilondja alikuja kwangu analia. Kaka yake amenunua pikipiki, anataka Wilondja aiendeshe, watoto wapate kusoma. Wilondja amekataa, amesema mikono yake ina damu. Nikafunga malewa mchana mweupe, jambo ambalo sijafanya hata siku ya kujifungua mtoto wangu wa mwisho, nikaenda kwa Mwalimu.

Ugonjwa wa sukari umemla. Mguu mmoja umekatwa. Anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwake, na vijana bado wanamviringishia mipira mpaka pale uani. Nilingoja waondoke. Sikukaa. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: sahani, mashofa, Hadji, kidole kilichosimama, maneno ya matanga, mdogo wangu anayetembea kwa miguu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele. Nilikuwa nimejitayarisha aniambie mwongo, mwanamke, toka.

Akasema: "Ni kweli."

Hivyo tu. Akatazama barabarani.

"Ule wa Hadji ndio ulikuwa wa mulima. Nilijua. Nilikuwa na hasira, Mama Furaha. Nilisema mvua itaacha."

"Na kwenye matanga?"

"Bantu bote walikuwa pale. Miye ni Mwalimu."

Nikakaa chini, kwenye ngazi yake. Miaka yote nilifikiri hajui. Nikamwambia sitaki aniombe radhi mimi, wala sitaki aseme parkingini. Amwambie Wilondja peke yake, basi, nami nitafunga mdomo wangu. Akamwita mkewe amletee kanzu na magongo. Nikamlipia motari mtaratibu, tukaenda pikipiki mbili, pembeni ya ziwa mpaka Lusenda. Njia nzima niliomba Mungu. Niliona kama mama anarudi nyumbani.

Wilondja alikuwa anamenya mihogo nje. Alipoona ni nani anayeshushwa alitupa kisu, akapangusa kiti kwa shati lake mwenyewe, akamwita mkewe alete maji. Akapiga goti kumsalimu. Mwanaume mzima mwenye mvi za kwanza, anapiga goti kwenye maganda ya mihogo. Mwalimu akanywa maji. Akajikohoza.

"Wilondja. Nilikuja juu ya mambo ya mama yako. Ile siku, ule mupira…"

"Hapana, Mwalimu." Alimkatiza haraka, kama mtu anayezuia mzazi asivue nguo mbele ya watoto. "Ule mupira ulikuwa muzuri. Weye ulichagua vizuri. Ni miye. Nilikamata frein vibaya. Ulitufundisha, miye sikusikiya. Nisamehe, Mwalimu. Nilitakaka kuja kukuomba samahani miaka yote, nikapata haya."

Mwalimu alinitazama. Nikamwambia: "Sema." Wilondja akanitazama na yeye, akashangaa kwa nini nasema na mzee namna ile. Nikarudia: "Sema, Mwalimu, kama ulivyoniambia."

Alifungua mdomo. Nawaapia, neno lilikuwa pale mdomoni. Akamtazama mdogo wangu aliyepiga goti. Akainua mkono ule wa kugongea mipira, akauweka juu ya kichwa chake, akasema:

"Nimekusamehe, mwanangu."

Wilondja akalia. Sijawahi kusikia mwanaume akilia hivyo, kwa sauti, na mabega yote, hata siku ya kumzika mama hakulia hivyo. Mkewe akalia. Majirani wakatoka. Nilitaka kupiga kelele, nikafungua mdomo, halafu nikaona uso wa mdogo wangu. Ulikuwa umefunguka. Uso ule ule aliokuwa nao kabla ya mlima. Nikameza kila kitu, Mungu ananiona, nikameza.

Wiki ile ile alichukua pikipiki ya shemeji yake akaja nayo Baraka, anaendesha mwenyewe. Parkingi nzima ilimshangilia. Mpira wa nyuma ulikuwa umechoka, akaenda sokoni, akaviringisha miwili, mmoja wa Hadji, mpaka kwa Mwalimu. Aliporudi alikuwa na ule wa Hadji. Mwalimu ameugonga bila kuuliza umetoka wapi. Watu wanalisimulia jambo hilo mpaka leo, kwamba yule mzee ana moyo mkubwa, amemsamehe hata Hadji, amemsamehe hata kijana aliyemuangusha mama yake.

Wilondja alikula kwangu mchana ule, akacheka na wenzake, akanawa mikono. Kabla ya kupanda akanishika bega.

"Yaya, umupikie Mwalimu kitu kizuri. Umupelekee weye mwenyewe, umwambie aksanti."

Nikapika. Nikapeleka. Akala yote.